Apu ya Kijapani niliyolipia mwaka mzima ilinifanya nimvunjie heshima bosi

Leo asubuhi wamenitumia ujumbe eti muda wangu umeisha, nilipie tena mwaka mwingine, hasira zote zikarudi upya. Jina la apu siliweki hapa ila aliyewahi kujifunza Kijapani kwa simu atajua ni za aina gani.

Mimi nasoma huku Japani na jioni nafanya arubaito, ndo wanavyoita kibarua cha masaa, jikoni kwenye izakaya moja, baa ya Kijapani inayouza na chakula. Wanafunzi wa kigeni tunaruhusiwa masaa 28 tu kwa wiki kwa hiyo ile kazi ndo kodi ya chumba, ndo chakula, sio ya kuchezea hata kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa kipindi cha baridi, tuko wanne jikoni. Tencho, yaani meneja wa pale, akawa anawahi kuondoka, akavua aproni, akaikunja vizuri akaiweka juu ya friji, akasema "osaki ni", natangulia. Mimi nimekariri maneno ya kuagana kazini wiki nzima, kila nikijibu apu inanipigia makofi, basi nikapaza sauti kwa moyo mmoja, "Gokurosama deshita!" na kuinama nikainama. Mkono wake ukabaki kwenye kitasa. Hakufoka. Alisema "hai", yaani ndiyo, moja fupi akatoka. Kijana anayekaanga kuku akaniangalia halafu akarudisha macho kwenye karai, ikawa inasikika mafuta tu.

Mama mmoja mtu mzima, ndo aliyenifundisha kazi pale, akanivuta pembeni kwenye makreti ya bia akanieleza taratibu kabisa. Neno lile mkubwa ndo anamwambia mdogo. Wewe kwa tencho unasema "otsukaresama deshita". Jamani, kwenye apu yote mawili yana maana ileile, pongezi ya kazi, hakuna alama, hakuna angalizo, na mimi nikachukulia ni kama pole na kazi yetu ambayo hata bosi unampa na anashukuru. Kumbe nilichofanya ni sawa na mtoto wa sekondari akutane na babu yake njiani, kabla babu hajafungua mdomo yeye aseme "marahaba". Nani amemwamkia?

Kesho yake nikamfuata tencho kuomba radhi, akasema "daijoubu, daijoubu", yakaisha. Ila hilo daijoubu nalo! Apu inasema ni "sawa, hamna shida". Nimeenda konbini, yale maduka madogo ya huku, nikachukua chakula changu cha boksi, muuzaji akauliza "atatamemasu ka", nikupashie moto? Nikajibu "daijoubu desu", nikimaanisha sawa pasha, akaniwekea kwenye mfuko kikiwa cha baridi kama kilivyotoka kwenye friji, maana pale daijoubu ni hapana asante. Ni kama ukaribishwe chai ukasema "asante" umeweka mkono kifuani, kila mtu kwetu anajua hunywi. Sentensi moja tu ingetosha kunieleza hilo, moja!

Na "anata" wameijaza kila mahali, wewe wewe wewe, wakati huku mtu mkubwa unamwita kwa cheo chake, au jina la ukoo na san, neno lao la heshima, kama ambavyo huwezi kumwambia mzee "we njoo".

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza kisa chote na nikawaomba tu waweke alama kwenye maneno ya namna hiyo, nani anamwambia nani. Baada ya muda mrefu likaja jibu la mistari miwili kwamba wamekagua na tafsiri ni sahihi, niendelee kufurahia masomo. Tafsiri ni sahihi! Kwani mimi nimesema tafsiri imekosewa?

Haki yao niwape, hiragana na katakana, yaani herufi zao za mwanzo, nilizijua kwa apu hiyohiyo ndani ya wiki chache, na matamshi yao ni mazuri kweli, sauti unaisikia vizuri unarudia mpaka ulimi unazoea. Kwa anayekuja kutembea siku kumi labda inamtosha, atasema sumimasen (samahani) atapata maji atasema arigatou (asante) ataondoka. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Lakini nimefungua tena lile jibu lao sasa hivi wakati naandika, nikakumbuka ule mkono kwenye kitasa na yule mama alivyoacha kazi zake kunielekeza bila kulipwa hata yeni moja, wakati wao hela yangu ya mwaka mzima wameichukua mapema. Hapana. Nyota moja, ya hiragana, na silipii tena. Sasa hivi natembea na daftari dogo kwenye aproni, neno likisemwa naandika na aliyelisema na aliyeambiwa.