Rejista iliyosoma 65,486: uzoefu wangu na programu ya kuchota data ghafi za betri za kubebeka

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia programu huria inayochota data ghafi kutoka kwenye vituo vya umeme vya kubebeka, yaani yale masanduku yenye betri, inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa umeme wa aina ya ukutani) na matundu ya kuchomekea vifaa ndani ya gamba moja. Haina madirisha wala vitufe. Unaiendesha kwa kuandika amri kwenye kompyuta, nayo hujiunga na kifaa kwa Bluetooth, huuliza, hupokea majibu na kuyahifadhi kwenye faili jinsi yalivyo. Niliitafuta kwa sababu programu ya simu iliyokuja na kifaa changu huonyesha asilimia ya chaji, wati zinazoingia na wati zinazotoka, basi. Na asilimia hiyo ilikuwa na tabia ya kufika 18 kisha kuanguka hadi 0 kwa mara moja, bila maelezo yoyote.

Kuisakinisha hakukunisumbua. Jioni ya kwanza, hata hivyo, nilidhani imekufa, kumbe kifaa changu hukubali muunganisho mmoja tu kwa wakati mmoja na simu ilikuwa bado imekishikilia. Sentensi moja kwenye mwongozo ingeniokolea saa mbili.

Majibu yenyewe huja kwa mtindo wa Modbus, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya mitambo ya viwandani iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon. Kila rejista, yaani kisanduku cha kumbukumbu kinachobeba namba moja, ina biti 16, ombi la kusoma hubeba msimbo wa 03, na mwishoni mwa jibu kuna baiti mbili za kukagua kama ujumbe umefika bila kuharibika. Ukiomba rejista 60 kwa pamoja, jibu huwa na baiti 125, ilhali pakiti ya Bluetooth ya nishati ndogo, pasipo makubaliano ya kuipanua, hubeba baiti 20 tu. Kwa hiyo jibu moja hufika likiwa vipande saba. Programu huviunganisha, hukagua zile baiti mbili, na hukataa jibu lenye kasoro badala ya kulihifadhi kimyakimya. Kwa upande huu sina lawama hata kidogo.

Lawama zangu ziko kwenye nyaraka. Jedwali la rejista lililoambatanishwa hutaja jina la kila rejista na kunyamaza: halisemi kipimo, halisemi kama thamani inaweza kuwa hasi, halisemi igawanywe kwa ngapi. Kwenye rejista iliyoitwa “mkondo” nilikuta 65,486. Nikiigawa kwa kumi, kama nilivyofanya kwa volti, napata ampea 6,548.6, kiasi ambacho kingeyeyusha sanduku zima na meza yake. Ilibidi nikumbuke kwamba katika biti 16 zenye alama, yaani zinazoweza kubeba namba hasi, namba yoyote inayozidi 32,767 hutolewa 65,536: hapo nilipata −50, yaani ampea 5.0 zinazotoka kwenye betri. Volti zilikuwa 26.1, hivyo betri ilikuwa ikitoa wati 130 na ushee, huku kioo cha kifaa kikionyesha 118 kwenye tundu. Tofauti hiyo inaendana na kinachopotea ndani ya inveta, nami nikaridhika.

Joto lilinidanganya kwa ustadi zaidi. Rejista ilisoma 2,982, nikaandika kwenye daftari langu nyuzi 29.82 na kuendelea, kwa kuwa ni joto la kawaida kabisa kwa betri inayofanya kazi. Siku chache baadaye niliacha kifaa nje usiku kucha kikiwa hakifanyi kazi, na alfajiri rejista ikasoma 2,882. Kipimajoto kilichokuwa kando yake kilionyesha nyuzi 15. Kumbe thamani ile ni sehemu za kumi za Kelvini, kipimo cha joto ambacho sifuri ya Selsiasi ni 273.15: 298.2 ukitoa 273.15 unapata nyuzi 25.05, na ile ya alfajiri ni 15.05. Tangu siku hiyo siandiki maana ya rejista yoyote kabla ya kuiona ikibadilika sambamba na kitu ninachoweza kukipima kwa njia nyingine.

Faida niliyoitafuta ilipatikana kwenye volti za seli moja moja. Betri yangu ni ya lithiamu-chuma-fosfati, seli nane kwa mfululizo, na seli za aina hii hushikilia volti karibu na 3.2 au 3.3 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kiasi kwamba kuziangalia kwa jumla hakukuambii mengi. Faili lilionyesha kwamba seli saba zilikuwa bado kwenye volti 3.1 wakati moja ilipofika 2.5, na saketi ya ulinzi hukata umeme kwa kufuata seli iliyo chini kuliko zote. Nilichaji hadi mwisho na kuacha chaja ikiwa imechomekwa kwa saa nyingi ili seli zipate kusawazishwa, nikarudia mara tatu. Sasa kifaa huzima kikiwa kimefika asilimia 5 au 6.

Yako mambo mawili ambayo ningeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Programu hii inaweza pia kuandika kwenye rejista, kwa msimbo wa 06, na haikuombi uthibitisho. Kosa la tarakimu moja linaweza kubadilisha kikomo cha chaji. Pili, faili la data ghafi hubeba namba ya utambulisho ya kifaa, ambayo ni vyema kuifuta kabla ya kumpa mtu mwingine faili hilo.

Kwa anayetaka kuona asilimia tu, programu ya simu inatosha. Mimi nimeshaanza jedwali langu, lenye safu za kipimo, alama, kigawanyo na namna nilivyothibitisha. Rejista 31 zimekamilika. 15 nimeziandikia “haijathibitishwa”, pamoja na thamani zote nilizoziona, na mojawapo huongezeka kwa moja kila ninapochomeka chaja.