Dansi za Kihispania za Moszkowski: muziki mtamu, PDF ndo imenitesa

Wiki ya tatu hii niko na hizi dansi tano za mtunzi Moszkowski, opus 12 (yaani kazi yake namba 12), zile za piano moja watu wawili. Nasema hapa maana kabla sijanunua nilitafuta maoni ya Kiswahili sikupata hata moja.

Kwanza jamaa mwenyewe wala sio Mhispania, kazaliwa Breslau 1854 (siku hizi Wrocław, Poland), na hizi dansi zimetoka 1876 akiwa kijana tu, yuko zake Berlin. Kwa hiyo hii ni Hispania ya sebuleni, watu wameshakula, wageni hawajaondoka, wawili wanabanana kwenye benchi wanapiga. Kama unatafuta flamenko ya kweli humu hamna, usije kulalamika.

Mi nimeshika chini, upande wa sauti nzito, mpwa wangu wa miaka 14 juu. Melodi zote tamu kapewa yeye, mi besi na kodi (chords, nota kadhaa kwa pamoja) basi, nikajua ntasinzia, kumbe wapi! Kwenye ile ya mwisho, bolero, zile kodi zangu ndo gitaa lenyewe, nikilegea kidogo tu dansi inakufa na dogo ananikata jicho. Ila tunayoipenda ni ya pili, ya G maina (G minor), ina kahuzuni flani hivi afu haina papara, mpaka mama akachungulia toka jikoni akauliza mnafanyia mazoezi misa ya nani.

Sasa shida. Nota za watu wawili huwa zinachapwa kurasa mbili zinatazamana, wa chini anasoma kushoto, wa juu kulia. Mi nikanunua PDF, shilingi elfu kumi na mbili, kwenye tableti inafunguka ukurasa mmoja mmoja, nikiona mimi yeye haoni, siku mbili nzima tunasukumana, mwisho nikaenda steshenari nikaprinti nikaunganisha na selotepu. Duka nimewaandikia, kimya. Na kinachoniuma zaidi, Moszkowski kafa 1925, hakimiliki ilishaisha, IMSLP (maktaba ya nota mtandaoni) nota hizohizo ziko bure kabisa!

Muziki nyota nne, duka moja. Na kama una kibodi ya vibonye 61 usijisumbue, mikono minne haienei, sisi tunaazima piano ya kanisani Jumamosi mchana, na hata pale bado ni "mjomba, kiwiko".