Mafunzo ya raga Maisara, Unguja: mazoezi mazuri, ahadi zimezidi

Kijana wangu wa darasa la sita anakwenda jioni, akitoka chuoni (madrasa). Ada ni elfu 30 kwa mwezi, mpira wanatoa wao, kinga ya meno ununue mwenyewe.

Mwalimu anajua kazi, nampa haki yake. Mwanzo hakuna kugongana kabisa. Watoto hufunzwa kumwangusha mtu wakiwa wamepiga magoti, kichwa kipite nyuma ya mapaja ya mwenzake, kisibaki mbele ya magoti. Akikosea mmoja, wote wanasimama, anarudia.

Kinachonikera ni tangazo lao: eti "njia ya kuwa mchezaji wa kulipwa". Njia ipi, jamani? Hadi Agosti 1995 raga ya wachezaji 15 ilikuwa ya ridhaa. JPR Williams wa Wales alikuwa daktari, Wade Dooley wa England polisi. Mtu alitoka skuli akaingia klabu, akapanda taratibu huku ana kazi yake. Malipo yaliporuhusiwa, klabu kubwa za Uingereza na Ufaransa zikajenga akademia zao: kijana anachaguliwa bado yuko skuli, anapimwa uzito na mbio, wachache wanapewa mkataba. Aliyechelewa kukua mwili mara nyingi ndiyo basi tena. Sasa mtoto wa Unguja anaingilia mlango gani? Waseme tu wanafundisha mchezo, tutalipa vilevile.

Mwezi ujao nimeshamlipia. Ila maji ya kunywa waweke, jua la saa kumi pale uwanjani ni kali.