Joto la kebini baharini: feni, kiyoyozi na tanga la upepo kwenye boti yangu ya uvuvi, uzoefu wangu

Mwezi wa pili mwaka jana tulitia nanga juu ya mwamba nje ya Tanga. Kaskazi ilikuwa imelegea na bahari imetulia kama maji ya kwenye sinia. Kijana wangu mmoja alikuwa amevuta mshipi usiku kucha, akaingia kebini kulala. Saa saba mchana nikamwamsha ale. Akaniangalia, akaniuliza mashua ya baba yake imefungwa wapi. Baba yake aliiuza mashua ile yule kijana akiwa bado anasoma.

Nilimgusa shingo, ngozi ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Tukamtoa nje kivulini, tukammwagia ndoo za maji ya bahari mfululizo, mmoja anampepea kwa kikoi kilicholoa, nahodha keshang'oa nanga anarudi bandarini. Alilazwa siku mbili, akapona, na mpaka leo tuko naye. Lakini tangu siku hiyo sijalala nikifikiria kitu kingine kwenye boti ile isipokuwa joto la kebini. Nimenunua, nimejaribu, nimetupa. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa mwaka mzima wa kutafuta dawa.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 32, ilijengwa Japani, nikainunua ikiwa imeshatumika. Kebini yake imefungwa pande zote: vioo vikubwa mbele na ubavuni, mlango mmoja nyuma, na mashine ya dizeli iko chini ya sakafu humohumo. Kwa bahari ya baridi ni kebini nzuri mno. Kwa Tanga mwezi wa pili, jua linaingia kwenye vioo halitoki, na mashine ukiizima bado inatoa moto saa mbili au tatu. Nilitundika kipimajoto cha dukani juu ya kitanda. Saa nane mchana kivulini nje kilisoma nyuzi 33. Ndani, mlango ukiwa wazi, 42.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni feni ya maji, zile zenye tangi na sponji, muuzaji anasema ni kiyoyozi kisichokula umeme. Shemeji yangu anayo Dodoma na anaisifu kila siku, naye hasemi uongo. Kule hewa ni kavu, maji yanakauka kwenye sponji na yanapokauka yanabeba joto. Kwetu pwani hewa imeshashiba maji. Kwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, hata mashine hiyo ikifanya kazi yake yote bila dosari, haiwezi kushusha hewa chini ya nyuzi 28 hivi, na hapo ni iwapo unaingiza hewa mpya muda wote. Kwenye kebini iliyofungwa unazungusha unyevu uleule. Usiku wa kwanza magodoro yaliloa, vioo vikatoka jasho, na sisi tukatoka jasho lisilokauka. Jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwa mtu wa bahari ya kwetu, feni ya maji ni hasara kamili, na nasema hivyo kwa uchungu maana niliinunua nikiwa na hofu ya kumpoteza mtu.

Kisha nikaingia kwenye kiyoyozi cha kweli. Ni kidogo, cha kubeba, kina bomba moja la kutolea hewa ya moto dirishani. Muuzaji aliniapia kwamba betri mbili na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, zitakiendesha usiku mzima. Ningekaa na kalamu kabla ya kutoa hela, ningejua. Kinavuta wati 600. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 50, na inveta nayo inakula sehemu yake, basi ifanye 55. Betri ya kawaida ya maji ya ampea-saa 100, yaani ampea moja kwa saa 100, haitakiwi kushuka chini ya nusu, la sivyo unaiua. Maana yake kila betri inakupa kama dakika 55 tu. Mbili hazifiki saa mbili, na kesho yake mashine haiwaki. Sisi ilitutokea: alfajiri, mkondo unatusukuma kwenye mwamba, nahodha anageuza ufunguo, kimya. Boti ya jirani ndiyo iliyotupa umeme.

Kuna na kasoro nyingine ambayo muuzaji hakuigusa kabisa. Bomba ni moja. Kiyoyozi kinachukua hewa ya kebini, kinaitupa nje ikiwa moto, na pengo lile lazima lijazwe. Linajazwa na hewa ya nje inayopenya kwenye kila upenyo wa mlango, na kwetu ilipenya pia kutoka kwenye chumba cha mashine, na harufu yake ya dizeli. Ubaridi uko mbele ya kiyoyozi pale unapoweka mkono, ukisogea hatua moja umeurudia mchana.

Kuna waliopendekeza niweke jenereta ndogo juu ya sitaha ili kiyoyozi kipate umeme wa kutosha. Nilikataa na ninaomba nawe ukatae. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu wamelala kwenye kebini iliyofungwa wasiamke. Upepo ukigeuka moshi unaingia ndani. Kama boti yako ni kubwa, ina jenereta iliyofungwa kitaalamu, moshi wake unatoka mbali na una king'ora cha gesi hiyo kebini, kiyoyozi cha kufungwa ukutani kitakufaa. Boti ya futi 32 ya kutafuta nguru na jodari haina nafasi ya mambo hayo.

Aliyenifungua macho ni nahodha wangu, mzee aliyekulia kwenye majahazi. Nilimkuta amekaa mlangoni ananitazama nikihangaika na nyaya. Akasema, "Mwanangu, hii hewa umeipa mlango wa kuingia. Wa kutokea uko wapi?"

Hakukuwa na wa kutokea. Mlango ulikuwa nyuma, vioo vya mbele havifunguki. Tukitia nanga boti inaelekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo, upepo unagonga vioo, unapita juu, unakwenda zake. Tukamwita fundi wa faiba akakata tundu darini upande wa mbele, upana wa sentimita 50, akaweka kifuniko chenye mpira wa kuzuia maji. Halafu fundi wa matanga akanishonea tanga la kunasa upepo kwa kitambaa cha marekani: mdomo mpana unatazama omo, chini linabana kama faneli na kuingia tunduni. Mdomo tumeufunga kamba juu ya mlingoti wa taa. Mara ya kwanza tulipolitundika, wakati wa alasiri, karatasi za mahesabu yangu ziliruka kutoka mezani zikatokea mlangoni. Nilifurahi kama mtoto. Kitambaa na ushonaji vilinigharimu shilingi 40,000, kazi ya faiba shilingi 180,000. Kiyoyozi kilikuwa zaidi ya mara nne ya vyote viwili pamoja.

Lina udhaifu wake. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakwenda kwa nguvu, na boti inafuata mkondo badala ya upepo. Hapo upepo unakuja ubavuni na tanga linalegea, halivuti kitu. Tumeshona la pili lenye midomo minne, linanasa upepo popote unapotoka, ila nguvu yake ni nusu ya lile la kwanza. Usiku upepo wa umande ukitoka bara linatosha. Mvua ikija, kimbia ukalishushe, la sivyo unalaza watu kwenye bwawa.

Jua nalo tulilizuia nje, na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Nilikuwa nimeweka mapazia ya kung'aa kwa ndani ya vioo. Yanasaidia kiasi, lakini jua limeshapita kiooni, joto limeshaingia ndani ya nyumba yako. Turubai jeupe lililofungwa nje ya kioo linalirudisha kabla halijafika. Tumefunga pia turubai juu ya paa lote, tukaacha nafasi ya kama shubiri moja kati yake na paa ili upepo upite katikati. Usililaze juu ya paa moja kwa moja, litapasha faiba. Haya yote ni ya wakati wa nanga. Boti ikitembea vioo vya mbele viwe wazi, nahodha aone.

Sakafu juu ya mashine tuliiwekea chini yake sponji ya kuzuia joto isiyoshika moto, yenye foili. Kazi ya siku moja, tofauti unaisikia kwenye nyayo.

Baada ya hapo ndipo feni zikapata maana. Ninazo mbili za volti 12, kila moja inakula ampea 0.8. Mbili kwa saa nane za usiku ni kama ampea-saa 13 za betri, na sola yangu ya wati 100 inazirudisha kesho yake bila taabu. Moja inapuliza moja kwa moja juu ya kitanda, kwenye mwili wa mtu. Feni haipoozi chumba, inakausha jasho. Ya pili iko karibu na mlango, inasukuma hewa itoke. Feni niliyoanza nayo, ya shilingi 35,000, iliota kutu ndani ya miezi minne, swichi ikaganda kwa chumvi. Niliyoibadilisha nayo ni ya shilingi 95,000, ya plastiki tupu, mota yake imezibwa, sasa ina mwezi wa kumi na haijakohoa. Tumia waya uliopakwa bati, na kila feni iwe na fyuzi yake.

Wapo wanaoweka feni nyuma ya deli la barafu. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zote zinabeba joto ambalo kiyoyozi kidogo kinaliondoa kwa dakika 40 tu. Na ile barafu ni ya samaki. Jodari akipata joto anatengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi, na wa kumla ni mtoto wa mtu. Sisi tunachota maji ya barafu kikombe kimoja, tunalowesha taulo, tunaweka shingoni. Inatosha.

Kipimajoto bado kiko palepale juu ya kitanda. Mwezi wa pili mwaka huu, saa nane mchana, maturubai yamefungwa, tanga limejaa, kilisoma 35. Ni joto bado, simdanganyi mtu. Lakini yule kijana alilala pale mpaka alasiri, akaamka mwenyewe, akaomba dafu.