Mwongozo wa kufundishia kwa Remember the Titans: nyota moja. Haya, mbili

Na filamu sina ugomvi; inasimulia msimu wa 1971 wa Titans, timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari ya T. C. Williams. Ugomvi wangu ni na mwongozo wa mwalimu nilioununua kwa ajili yake, na hasa swali hili: "Ajali ya Gerry Bertier iliathirije timu kwenye fainali?" Haikuiathiri hata kidogo! Bertier, mchezaji nyota wa Titans, alicheza fainali hiyo. Ajali iliyompoozesha miguu ilitokea Desemba 1971, usiku wa hafla ya kuwapongeza wachezaji, msimu ukiwa umeshakwisha. Mtunzi ametazama filamu akaiita historia, na ukurasa wa majibu unamkata alama mwanafunzi anayejua ukweli.

Fainali yenyewe ilikuwa dhidi ya shule ya Andrew Lewis, ikaisha 27-0, wala haikuwa na kihoro cha sekunde za mwisho. Mechi ngumu na shule ya Marshall, ambayo filamu imeigeuza fainali, ilikuwa ya katikati ya msimu. Kibaya zaidi, wapinzani wanaonyeshwa wote Wazungu watupu, na darasa linatoka likiamini kwamba T. C. Williams ndiyo shule ya kwanza kuchanganya weusi na weupe. Ilikuwa imeshachanganya kabla. Kilichotokea Alexandria, Virginia, mwaka 1971 ni kwamba sekondari tatu za mji ziliunganishwa, wanafunzi wa madarasa mawili ya juu wote wakapelekwa T. C. Williams. Wachezaji wa timu tatu wakigombea nafasi zilezile: hapo ndipo penye nguvu ya timu, na penye chuki pia. Mwongozo umepita kimya.

Halafu unataka filamu nzima kwa vipindi vitatu. Hesabu gani hii? Filamu ni dakika 113. Kipindi cha dakika 40, ukitoa tano za kuwasha projekta na kutuliza darasa, kinabaki na 35. Mara tatu ni 105. Kengele inalia kabla ya mwisho na mjadala haujaanza.

Chukua vipande vitatu tu, kila kimoja kisizidi dakika nane: ghasia za mwanzo, mbio za alfajiri kule Gettysburg, na hospitali. Kabla ya Gettysburg eleza mapigano ya hapo ya Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, la sivyo hotuba ya kocha makaburini itawapita. Washa maandishi ya chini, maana makocha wanapiga kelele. Za kanuni za mchezo, inatosha kusema timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kipande cha hospitali kionyeshe mara mbili, mara ya pili bila sauti, kwa sababu muziki ukishawaliza hawahoji tena lolote.

Na sasa naudhika upya, kwa sababu lile swali bovu ndilo lililozaa somo bora kuliko yote. Chana ukurasa wa majibu, wape tarehe halisi ya ajali, uliza: kwa nini watengenezaji wa filamu waliiweka kabla ya fainali? Watabishana kipindi kizima. Kwa hilo naongeza nyota ya pili, ingawa kazi hiyo ni ya mwalimu, na pesa wamechukua wao.