Kaseti zangu, jingo lao: nilivyorushiwa nyimbo kwenye flashi hapa Arusha

Nianze na jingo, maana ndilo linalonichoma mpaka leo. Unasikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, besi la Tom Malanga linatembea chini kwa chini, umeshatulia, mguu uko kwenye pedeli ya cherehani. Mara sauti ya dada mmoja, imetiwa mwangwi utadhani anaongea akiwa kisimani, inapasua wimbo katikati: jina la duka, mtaa, namba ya simu, "kwa mahitaji yako yote ya muziki!" Akimaliza, besi linaendelea. Wimbo unaofuata, yupo. Unaofuata tena, yupo. Na anajua pa kuingilia, jamani! Anasubiri waimbaji wanyamaze, magitaa yaanze kuchemka, ndipo anapopiga kelele zake.

Duka silitaji. Liko upande wa Soko la Kilombero, ni moja ya yale maduka ya kurusha nyimbo na sinema yenye spika mlangoni. Mwenye duka ni mtu wa heshima zake, nitamfikia.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Kaloleni, na ninasikiliza albamu. Sisikilizi wimbo mmoja mmoja kama wanavyofanya watoto wangu na simu zao. Mtu anayeshona hawezi kuinuka kila baada ya dakika nne kuchagua wimbo, mikono imejaa pini. Kaseti ya dakika 60 inanitosha: upande A nakata, upande B naunga, ikikatika najua gauni limefika wapi. Tatizo redio kaseti yangu imezeeka. Mpira wa ndani umelegea, Remmy Ongala anaimba kama ametoka kuugua, na siku hizi imeanza kula tepu. Fundi redio wa mtaani kasema mpira wa kufanana na ule haupatikani, ukipatikana ni wa kubahatisha. Ndiyo maana nikaamua kaseti zihamishiwe kwenye flashi kabla hazijaliwa zote.

Niseme nilipeleka nini, maana bila hapo hamtaelewa hasira zangu.

Kwanza "Songs for the Poor Man" ya Remmy na Super Matimila, ile ya mwaka 1989 waliyorekodi Uingereza kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Hii naisikiliza siku ambayo wateja wamenitesa. Mle ndani kila gitaa lina kiti chake, ngoma zina chumba chao, na sauti ya Remmy imewekwa mbele ikuseme vizuri. "Kipenda Roho" ikifika, hata kama kuna mtu amekuja kudai nguo ambayo sijaigusa, namwambia kaa kwanza.

Pili Simba Wanyika. Wengi hapa Chuga hawajui kwamba akina Kinyonga, Wilson na George, watoto wa Tanga, walipita mjini kwetu. Mwaka 1970 walikuwa hapahapa na Arusha Jazz, kabla ya kuvuka mpaka kwenda Kenya na kugeuka Simba Wanyika. Mwaka 1978 wengine wakajitenga, wakawa Les Wanyika. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nang'ang'ania muziki wa Nairobi, namwambia huo muziki uliondoka hapa na begi mgongoni. Zile kaseti nilizinunua Namanga, zote mbili, zamani hizo.

Tatu, hii ndiyo yenyewe, ni kaseti ya Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, aliyoirekodi marehemu kaka yangu kutoka redioni. Mtasema hiyo siyo albamu. Kwangu ni albamu. Bendi zetu zilirekodi RTD, ile Redio Tanzania, nyimbo zikapigwa hewani nchi nzima, lakini kwenda dukani ukanunua kaseti halali ya Mlimani Park ilikuwa shughuli. Ukiupenda wimbo unakaa na redio yako, kidole juu ya kitufe, unasubiri. Kaka alikuwa na tatizo moja, alikuwa anachelewa kubonyeza. Kila wimbo kwenye kaseti ile unaanzia njiani. Kuna mmoja unaanzia Bitchuka akiwa katikati ya neno. Nimeusikiliza hivyo tangu msichana, na kwenye sherehe wakiupiga wote na mwanzo wake huwa naona wameongeza kitu.

Nikaongeza na sidii ya mwanangu, "Maasai Hip Hop" ya X Plastaz, ya mwaka 2004. Mimi na hip hop tulikuwa hatusalimiani. Lakini hawa ni wa kwetu, albamu yao ilitolewa na kampuni ya Ujerumani wakati hapa mjini tunawaona wanapita tu. Yule Merege akianza kuimba Kimaasai juu ya ule mdundo, naacha mkasi. Faza Nelly, rapa wao, tulimpoteza mwaka 2006, na hadi leo sijasikia kijana akiighani Arusha kama alivyokuwa akiighani yeye. Au wapo, siwajui. Mwanangu anasema wapo.

Sasa huduma. Kaunta nilimkuta chalii ana hedifoni shingoni na simu mkononi. Shikamoo hamna. "Weka hapo mama." Nikaweka. Akazipekua kwa kidole kimoja akauliza, "Hizi zote za nini? Si uniandikie majina nikushushie Yutyubu, dakika mbili umeondoka." Nikamweleza taratibu, tena kwa kumwita baba, kwamba nataka hizihizi, jinsi zilivyo, upande A kisha upande B, kila kaseti na folda yake. Akasema "hamna shida." Ukisikia chalii wa Arusha anakwambia hamna shida bila kukuangalia usoni, shika pochi yako. Bei ilikuwa elfu tano kwa kaseti na sikubishana, kwa sababu kaseti huihamishi kwa kasi, ya saa moja inakula saa moja. Hapo nilikuwa upande wao kabisa.

Siku waliyoniahidi ikapita, na nyingine juu yake. Mwishowe nikakabidhiwa flashi. Nikaichomeka nyumbani.

Folda moja. Vyote humo, kwa mpangilio wa alfabeti! Remmy kakaa katikati ya Simba Wanyika, X Plastaz wako mwisho kwa kosa la kuanza na herufi X, na katikati yao kuna singeli. Mimi sikuleta singeli. Nilipompigia simu akaniambia, "Nimekuongezea zawadi mama, uchangamke." Sina ugomvi na singeli, ichezwe Manzese na popote inapopendwa, lakini mimi nilikuwa nakata kola.

Jingo nimeshalisema. Nililivumilia siku ya kwanza. Kilichonivunja ni Sikinde. Nikabonyeza ule wimbo wa Bitchuka, nikawa nasubiri lile neno lililokatika, nikasikia wimbo unaanza mwanzoni kabisa, magitaa, tarumbeta, kila kitu. Kaka yangu hakuwahi kuuwahi ule wimbo maishani mwake. Nikafungua wa pili, nao mzima. Wa tatu, kuna didjei wa Nairobi anasalimia wasikilizaji wake juu ya sauti ya Gurumo. Kumbe kaseti yangu haikuguswa! Chalii kasoma majina niliyoandika kwenye karatasi ya ganda, akashusha mtandaoni, akanilipisha elfu tano za kuhamisha kaseti.

Nilipanda kifodi na hasira zangu, kondakta mwenyewe aliniogopa. Pale kaunta nikasema shida yangu. Jibu nililopewa naliandika kama lilivyo: "Sasa mama si bora? Umepata wimbo mzima." Nikamwambia sikuomba mzima. Akacheka, akamgeukia mwenzake, "Nyimbo za marehemu hizi, nani anazitaka." Nikamuuliza, kama hakuna anayezitaka, hilo jingo mmelibandika ili nani asiziibe? Akakosa la kusema, akarudi kwenye simu yake.

Na hapo ndipo penye donda. Hawa hawakupiga hata kayamba. Waliolipiga gitaa, wengi wamekufa hawana kitu, na ndugu zao hapo dukani hawapati hata mia. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu mwaka 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini anayegonga mhuri juu ya wimbo ni mwenye flashi. Nikajiambia huyu simpi hata nyota moja, na nitaandika kila mahali.

Sasa, ningeishia hapo ningekuwa nimewaonea. Wakati nakusanya kaseti zangu akatoka chumba cha nyuma mwenye duka, baba mtu mzima, miwani imefungwa uzi. "Habari za kazi dada, kuna nini?" Nikamweleza. Hakubishana. Aliitazama ile kaseti ya kaka, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akasema ganda limepinda kidogo, ndiyo maana inakwaruza. Akafungua skrubu zake tano kwa bisibisi ya saa, akahamisha tepu kwenye ganda jingine zima, taratibu, bila kuishika kwa vidole upande wa sauti. Kisha akachukua pamba na spiriti akasafisha hedi ya deki yake, kile kichwa kinachosoma tepu. Pamba ilitoka ya kahawia. Akamwonyesha chalii ile pamba, hakusema neno.

Halafu akafanya jambo ambalo sikujua kama linafanyika. Kaseti inaimba, yeye kashika bisibisi, anageuza kaskrubu kadogo pembeni ya hedi, robo ya robo, anasikiliza kwa sikio moja. Sauti ilikuwa imeziba, ile ya kaseti ya miaka mingi. Akageuza kidogo, ikafunguka. Tarumbeta zikatoka. Nikasikia shanga za ngoma, nikasikia gitaa la pili likijibu la kwanza, gitaa ambalo kwenye redio yangu halikuwahi kuwepo. Akanieleza kwamba redio iliyorekodi na redio inayopiga hedi zao haziinami sawasawa, kwa hiyo kila kaseti unaitafutia mkao wake, na vijana hawana subira hiyo. Nikakaa kwenye kreti ya soda nikasikiliza pande zote mbili hapohapo. Wateja wangu walisubiri. Nilimwambia yule baba nyota tano, na kama kuna ya sita apewe.

Nikafika nyumbani nikachomeka flashi. Bitchuka akaanzia katikati ya neno, vilevile, safi, kama kaka alivyomkuta. Nikashika kitambaa. Waimbaji wakanyamaza, chemko likaanza, gitaa la pili lile nililogundua leo likaingia, na yule dada wa kisimani akapasua: jina la duka, mtaa, namba ya simu!

Nilimpigia yule baba, nikasahau hata salamu. Akaniambia kwa upole kwamba jingo linabandikwa na programu yenyewe wakati wa kutoa faili, na anayejua kulizima ni yule chalii. Yaani mtu anajua kuinamisha hedi kwa sikio lake, lakini nyimbo zote zinapita kwenye mlango ambao ufunguo wake anao mtoto wa singeli. Siku ile nyota zilishuka hadi moja. Leo nimetulia, sauti ni nzuri mno, siwezi kudanganya, naisikiliza kila siku na jingo lake, naweka tatu. Wateja wangu wawili wameshaikariri namba ya simu ya duka, wanaiimba na kibwagizo. Basi mbili na nusu.

Ukitaka kwenda, nenda mchana, ndipo mzee anapokuwepo. Usiandike majina ya nyimbo kwenye karatasi, maana ukimpa chalii majina umempa njia. Sema "bila jingo" kabla hujalipa, na kaseti ikianza kuhamishwa uione inazunguka kwa macho yako. Usiwaachie sidii, ya mwanangu ya X Plastaz imerudi na mkwaruzo ambao hatukwenda nao, na hilo bado hatujalimaliza.

Mzee ameahidi kurudia zote bila jingo na bila hela. Kaseti za Wanyika bado ziko kwao. Jumamosi naenda kuzifuata, na safari hii nakwenda na shemeji yangu wa Ngarenaro, yule anayeongea kwa sauti.