Uzoefu wangu na Founders Online: kumfuata Dkt. Benjamin Rush barua kwa barua

Nikitaka kumsoma Benjamin Rush, daktari wa Philadelphia aliyeingia Bunge la Kontinenti, yaani bunge la makoloni yaliyoasi Uingereza, Julai 1776 na kutia saini Tangazo la Uhuru, naanzia Founders Online, tovuti ya barua na nyaraka za waasisi wa Marekani inayotolewa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo. Ni bure na haidai usajili.

Usiandike "Rush" peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa Kiingereza neno hilo ni kukimbilia pia, kwa hiyo utaletewa rundo lisilomhusu. Chuja kwa mwandishi, kisha mpokeaji, upange kwa tarehe. Ukimaliza geuza, Rush awe mpokeaji, la sivyo utasikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

Barua nyingine zinataka kuzungukwa. Januari 1778 Rush alimwandikia gavana wa Virginia, Patrick Henry, barua isiyo na jina yenye kumshambulia George Washington, jemadari wa jeshi la Marekani. Ipitie kwenye nyaraka za Washington mwenyewe: Henry aliituma kwake Februari, naye Machi akajibu kwamba kwa anavyoona, mwandiko ule ni wa Daktari Rush.

Kuhusu homa ya manjano ya 1793, soma barua ya Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wakati huo, ya 11 Septemba kwa chuo cha matabibu cha Philadelphia. Rush alikuwa akitoa kalomeli, dawa yenye zebaki, grein 10 pamoja na grein 15 za jalapa, mzizi wa kuharisha (grein moja ni kama miligramu 65), na kuwatoa wagonjwa damu nyingi. Hamilton anamsifu daktari mwingine, Edward Stevens, aliyemtibu kwa gome la mkwinini na maji baridi. Barua za Rush kwa mkewe Julia msimu ule usizitafute hapa. Mkusanyo umejengwa juu ya waasisi saba, naye si mmoja wao.

Kunakili kiungo, chukua kile cha kudumu kilicho kwenye ukurasa wa waraka. Anwani ya juu ya kivinjari hubeba maneno yako ya utafutaji.

Utamu wenyewe uko kwa John Adams, rais wa pili wa Marekani. Nyaraka zake nyingi za uzeeni zina alama kwamba hazijahaririwa, hazina tanbihi, basi ziwekee tarehe mwenyewe daftarini. Fungua ya 17 Oktoba 1809: Rush anamsimulia ndoto ambamo Adams na Thomas Jefferson, rais aliyemfuata na ambaye walikuwa wamekosana, wamepatana. Jibu la Adams lilikuja Oktoba hiyohiyo. Halafu ruka hadi 1 Januari 1812, siku Adams alipomwandikia Jefferson na ndoto ile ikaanza kutimia.